Kabla ya Kukata Kombamoyo



Nyumba zetu za pwani hazikuzoea dirisha la paa. Nyumba ya makuti hupumua kwa uwazi ulioko baina ya ukuta na paa, na nuru yake hutoka mlangoni na uani. Nyumba ya mawe ya Lamu nayo ina kiwanda kisichofunikwa, na mwanga wa nyumba nzima hushuka hapo kisha ukaingia vyumbani. Vyumba vile ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba paa hazikuweza kuvuka upana mkubwa, kiasi cha mita 3 hivi. Wazee wetu walijenga kwa kuuliza kwanza ni kipi kitakachobeba, ndipo wakauliza wataka chumba cha ukubwa gani. Mpangilio huo wa maswali ndio nitakaouzungumzia wiki hii, kwani nimeuona ukipinduliwa, kisha ukarudishwa mahali pake, katika nyumba ya bati kule bara.

Wengi wa watoto wetu leo wanaishi mbali na bahari. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa Makongeni. Nakusudia Makongeni ya Thika, si ile ya Nairobi. Jina lenyewe lina mkonge ndani yake, lakini siku hizi kinachoota kwa kasi huko ni maghorofa. Nyumba anayokaa yeye na mumewe ni ya urithi, ya chini, ya kuta za mawe na paa la mabati. Chumba chake cha kushonea kina futi 10 kwa 10 na dirisha moja. Mwaka juzi jirani aliinua jengo lake hadi ghorofa ya nne, ukuta wake ukasimama hatua mbili kutoka dirishani, na tangu siku hiyo chumba kimekuwa usiku mchana kutwa.

Huenda mtu akasema, si awashe taa? Amewasha. Mpwa wangu hushona buibui, na kitambaa cha buibui ni cheusi, na uzi wake ni mweusi. Mshono mweusi juu ya kitambaa cheusi, chini ya taa moja, ni mtihani wa macho. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku nne, kichwa kikawa kinamuuma kila magharibi, na tokeni za umeme zikawa zinakula faida. Wateja wakaanza kupungua. Ada ya watoto ilikuwa ikitoka katika cherehani hiyo, kwa kuwa mshahara wa mumewe, ambaye ni mpakiaji wa mizigo katika bohari moja ya mjini, unaishia kwenye chakula. Ndipo akatokea wakala mmoja, akamwambia kuna kazi za nyumbani Ghuba, mkataba wa miaka miwili. Nilipofika Makongeni mwezi wa Agosti kuwazuru, pasipoti ilikuwa imekwisha kuombwa.

Mumewe hakutaka aende, wala hakuwa na neno la kumzuilia. Lililomjia ni kumpatia mwanga. Alisema, "Mjomba, ukuta umezibwa, lakini mbingu haikuzibwa. Jumamosi nitapasua paa." Alikuwa na msumeno, nyundo, mkasi wa bati na nia safi. Fundi alikuwa amemtajia ujira asioweza kuulipa, ila alikubali kwa fedha kidogo kupita mara mbili, kabla ya kazi na baada yake, kuitazama.

Wazo lenyewe lilikuwa jema. Dirisha la paa huona mbingu wazi, kwa hiyo huingiza mwanga mwingi kuliko dirisha la ukutani la ukubwa ule ule, hasa dirisha linalotazamana na ukuta wa mtu mwingine. Thika iko kiasi cha digrii 1 tu kusini mwa ikweta. Jua la Juni hupita upande wa kibla, ndio kaskazini kwetu, na jua la Disemba hupita upande wa suheli. Mteremko wa paa unaotazama kibla hupokea jua zaidi katika miezi ya baridi na mawingu, Juni hadi Agosti, na hupigwa kidogo kuliko mwenziwe Januari na Februari joto linapokuwa kali. Kwa bahati chumba cha cherehani kiko chini ya mteremko huo wa kibla.

Shida ilikuwa katika mbao. Wasioingia darini pengine hawayajui majina, basi nitayaeleza. Makombamoyo, ambayo mafundi wa Thika huyaita rafta, ni zile mbao zinazoteremka kutoka mgongo wa paa hadi juu ya ukuta. Juu yake hulala pau, zinazoyakingama makombamoyo, na kwenye pau ndiko mabati yanakopigiliwa misumari. Uzito wa paa huenda kwenye bati, kisha upau, kisha kombamoyo, kisha ukuta. Na bati ni jepesi; hofu kubwa zaidi kwa nyumba kama zile ni upepo, ambao hulinyanyua paa kutoka chini. Siku ya dhoruba kombamoyo ndilo linalolivuta paa lisiruke. Kwa hiyo hubeba likishuka, na huzuia likipanda.

Katika chumba kile makombamoyo yalikuwa mbao za inchi 4 kwa 2, moja kila inchi 24. Yamekaribiana hivyo, nadhani, kwa kuwa marehemu baba yake mume alikusudia kuezeka vigae. Dirisha linaloingia baina ya makombamoyo mawili lingekuwa na upana wa inchi 22 tu, na hilo lingetosha kuangaza choo au ukumbi. Meza ya kukatia buibui inahitaji zaidi. Mume akasimama ngazini, akapiga mstari wa penseli kwenye kombamoyo la katikati, akauweka msumeno.

Mkewe alikuwa chini ameshika futi ya kupimia. Akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, lakini bila kutetereka: "Baba watoto, hilo halikatwi mpaka nione litakaloshika pahala pake."

Akajibu kwamba paa limesimama miaka 30, halitaanguka kwa ubao mmoja. Akasema tena kwamba makombamoyo mengine yapo. Mkewe akamwambia, "Yapo, na kila moja lina mzigo wake." Nikamwona anautoa msumeno, anashuka ngazi, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekasirika kidogo, na mtu aliyekasirika akishuka ngazini badala ya kuendelea, huyo ana adabu.

Fundi alipokuja mchana aliuunga mkono upande wa mke. Akasema mambo mawili nami nikayaandika. La kwanza, ikiwa paa limejengwa kwa kenchi, yaani mbao zilizofungamana pembe tatu pembe tatu, basi mtu asiyekuwa na mhandisi asikate hata kipande kimoja, kwani kila kipande kinamshika mwenziwe. Atafute dirisha jembamba lipite katikati. La pili, ikiwa ni makombamoyo matupu, kama haya, moja laweza kukatwa, ila mzigo wake upewe wengine kwanza kwa mkataba ulio wazi. Kisha akaeleza mkataba huo, na kwa siku mbili tukaufuata hatua kwa hatua.

Tulianza na mihimili ya muda. Ubao mmoja ulikingamishwa chini ya makombamoyo matatu, juu ya mahali dirisha litakapokuwa, na mwingine chini yake. Kila ubao ulishikwa na nguzo mbili zilizosimama sakafuni juu ya vipande vya mbao, ili zisididimie wala kuteleza. Nguzo hizo hazikuondolewa hadi kazi yote ya mbao ilipokwisha.

Hatua ya pili ilikuwa kuyapa nguvu makombamoyo mawili ya pembeni, ambayo ndiyo yatakayourithi mzigo. Kila moja lilipachikwa pacha wake ubavuni, ubao wa kipimo kile kile, wa kipande kimoja, kutoka mgongo wa paa hadi juu ya ukuta. Hapa watu wengi hufanya ubahili. Huweka kipande kifupi pembeni mwa dirisha tu, wakadhani wameimarisha. Kipande kisichofika ukutani hakina pa kuupeleka mzigo. Kinamtegemea yule yule aliyelemewa. Mapacha hayo yalifungwa kwa misumari iliyopishana juu na chini, na miguu yake ikafungwa ukutani kwa mkanda wa chuma, kwa ajili ya upepo.

Ya tatu ilikuwa hesabu, na hesabu aliifanya mke. Baina ya kombamoyo la kwanza na la tatu, katikati kwa katikati, ni inchi 48. Toa unene wa mbao, zimebaki 46. Toa mapacha mawili ya inchi 2 kila moja, zimebaki 42. Huo ndio upana wa dirisha. Urefu wake waliutaka inchi 36. Lakini juu na chini ya dirisha lazima zipite mbao za mkingamo, mbili mbili zilizounganishwa, unene wake inchi 4 kila upande. Kwa hiyo kombamoyo la katikati lilikatwa inchi 44, si 36. Mwenye kukata 36 atajikuta hana pa kuziweka mbao za mkingamo.

Mbao hizo nne zilikatwa mapema zikawa tayari sakafuni. Ndipo msumeno ukapanda tena, na mara hii mke alikuwa amekishika chini kile kipande kitakachoanguka. Mbao za mkingamo ziliingia mara moja, zikakaa katika vishikio vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mapacha. Fundi alisisitiza vishikio hivyo, kwa sababu msumari uliopigwa kwenye ncha ya ubao, kufuata nyuzi zake, haushiki vizuri. Vichwa viwili vya kombamoyo lililokatwa vikafungwa kwenye mkingamo wa juu na wa chini. Tukapima pembe kwa pembe, mshazari mmoja na wa pili, vipimo vikalingana. Fremu ilikuwa mraba.

Mabati ndiyo yaliyotobolewa mwisho, siku ya pili, mbingu ikiwa safi na turubali likiwa karibu. Agosti ni wakati mwema huko, masika yamekwisha na vuli haijaanza. Aliyepanda juu alikanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwani chini yake kuna upau. Baina ya mistari bati huzama. Ule upau uliopita katikati ya dirisha ulikatwa pia, na ncha zake zikapigiliwa kwenye mapacha. Bati lilikatwa kwa mkasi, kwa kuwa mashine ya cheche huunguza rangi na madini yaliyolipaka bati, na kutu huanzia hapo.

Kisha likajengwa sanduku la mbao lenye kimo cha inchi 6 juu ya mabati, ili maji yapite pembeni bila kupanda. Vipande vya bati bapa vya kuzuia maji vilianza upande wa chini, vikalala juu ya mabati. Vikafuata vya ubavuni, vikilalia cha chini. Kikamaliza cha juu, kikilalia vya ubavuni. Kile cha juu tulikifikisha hadi chini ya kofia ya mgongo wa paa. Kanuni ni moja tangu makuti hadi vigae: kilicho juu humlalia kilicho chini, na maji yasikutane na mdomo ulio wazi. Silikoni ni msaidizi tu. Jua huichakaza, na anayeitegemea peke yake huanza kuweka beseni chumbani baada ya misimu michache. Tulipojaribu kwa maji tulianza kumwaga upande wa chini, tukapanda kidogo kidogo, ili likivuja ijulikane ni wapi. Halikuvuja.

Limebaki jambo la kifuniko, na hapa sheria ya ujirani inaingia. Madirisha ya ghorofa ya jirani yanatazama paa lile kutoka juu. Kioo kitupu kingempatia mwanga mpwa wangu, na kingewapatia wapangaji wa ghorofani chumba chake chote, naye humo ndani ameketi bila ya buibui. Wanavyuoni wameyajadili sana madirisha yanayochungulia. Mjenzi mmoja wa Tunis wa karne ya 14, Ibn al-Rami, aliyekuwa akiwasaidia makadhi katika kesi za nyumba, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na suala hilo limo. Msingi wake ni ule tuufunzao watoto chuoni, kutodhuru na kutodhuriana. Na Hamamni ya Unguja, ya zama za Sultan Barghash (1870–1888), inatuonyesha kwamba nuru ya kutoka juu na stara vyaweza kukaa pamoja. Walichagua basi polikaboneti nyeupe kama maziwa, inayopitisha mwanga bila kupitisha sura. Haivunjiki ikawaangukia watu kama kioo cha kawaida. Upande uliopakwa kinga ya jua uliwekwa juu. Chini yake walifunga wavu wa chuma, kwani kifuniko cha namna hiyo hakimchukui mtu akikikanyaga, na kwa kuwa wezi nao wanajua kupanda.

Usiku ule, baada ya isha, tulikaa watatu katika chumba kile tukinywa kahawa. Mpwa wangu akasema akiitazama fremu, "Mjomba, mimi nami nilikuwa nakatwa. Ada ni yangu, chakula cha asubuhi ni changu, mama mkwe akiugua ni mimi. Pasipoti imeombwa, na hakuna aliyeuliza nani atawekwa ubavuni." Hakulia wala hakulaumu. Mumewe alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua ile penseli aliyopigia mistari, akageuza karatasi ya vipimo, akaanza kuandika: nani atawaamsha watoto, nani atampeleka mama zahanati, ni fedha ngapi cherehani italeta ikiwa mwanga umerudi, na ni ngapi Ghuba italeta baada ya kumtoa wakala. Walikuwa bado wanaandika nilipokwenda kulala.

Sitawaambia kwamba dirisha limelimaliza jambo. Ninapoandika haya pasipoti imefika na imo kabatini. Mpwa wangu anamaliza buibui kwa siku mbili tena, na baadhi ya wateja wamerejea. Wamekubaliana kwamba hapana anayekwenda popote kabla ya kukaa na pande zote mbili za jamaa, karatasi ile ikiwa mezani. Huenda akaenda. Wako dada zetu wengi waliokwenda wakarudi na heri, na wako ambao nyumba zao zililegea nyuma yao, si kwa ubaya wa mtu, ila kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye anayebeba.

Kwa wenye kukusudia kazi hii: ulizeni kwanza ofisi ya mipango ya kaunti, kwani kubadili jengo kwaweza kuhitaji idhini chini ya sheria ya mwaka 2019, na mpangaji amuulize mwenye nyumba. Mleteni fundi, japo kwa kutazama tu. Na asiyekuwa na uwezo wa dirisha, ipo njia nyepesi iliyobuniwa na Mbrazili Alfredo Moser mwaka 2002: chupa ya plastiki ya lita 2, maji safi na kifuniko kimoja au viwili vya dawa ya kung'arisha nguo, ikapachikwa katika tundu la bati baina ya pau na kuzibwa vizuri pembeni. Jua likiwa kali hutoa mwanga wa taa ya wati 40 hadi 60, na haimgusi kombamoyo yeyote.

Na kwa wenye nyumba zote, za bati na za vigae, za Makongeni na za Mvita: mtazameni leo yule anayewabebea paa. Ikiwa ataondoka, kwa safari, kwa ugonjwa au kwa uzee, mpeni pacha wake kutoka mgongoni hadi ukutani, mapema, kabla msumeno haujapanda ngazi.

Wabillahi tawfiq.